Kutu ya Kupaka

Kutu niliyoitumia niliikwangua kwenye lango la baba yangu. Ni lango la chuma la nyumba yetu ya Buyenzi, hapa Bujumbura, na kule chini, pale maji ya mvua yanapogonga ardhi na kurukia, lilikuwa limeshalika mpaka ukikaa uani unaona viatu vya wapita njia. Nilichuchumaa na kisu cha mezani, nikakwangua taratibu juu ya gazeti, kisha nikazisaga zile chembe kwa tako la chupa mpaka zikawa unga laini kama pilipili ya kusaga. Rangi ile hakuna duka linaloiuza. Nilikuwa nimejaribu kuchanganya nyekundu na kahawia na nyeusi kidogo, na kila mara ilinitokea kama mchuzi uliolala.

Dada yangu mkubwa, aliyerudi kukaa na baba baada ya kufiwa na mume wake, alinikuta pale chini.

"Umepoteza nini?"

"Nachukua kutu."

"Unachukua kutu." Aliitua ndoo yake. "Watu wanarudi kwao na vitu. We umekuja mikono mitupu, sasa unatubeba hata kutu yetu."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Nimepita arobaini, na tangu nimalize sekondari sijakaa mahali popote kiasi cha kujuana na muuza mkate. Nilianza Kigoma, nikaenda Dar es Salaam, nikapanda Lubumbashi, nikaishia Kampala, na kila nilipofika nilianza mara moja kuukumbuka mji niliotoka. Dar nilidumu kuliko kwingine. Nilifanya kazi katika karakana ya maketi, zile nyumba ndogo za plastiki ambazo makampuni huziweka mezani ili wateja waone ghorofa kabla halijajengwa. Tulibandika miti ya sponji na magari madogo kuliko ukucha. Kila kitu kilitakiwa kiwe safi, kwa sababu hakuna anayenunua nyumba chafu. Lakini mwenzetu mmoja, kazi ikiisha, alikuwa akijitengenezea vifaru vya vita, halafu anavichafua. Anavipaka matope ya uongo, masizi ya uongo, mikwaruzo ya uongo, na kifaru kile kidogo kilikuwa na ukweli ambao maghorofa yetu yote hayakuwa nao. Alinifundisha. Nadhani ndicho kitu pekee nilichotoka nacho katika safari hizo zote.

Baba yangu alikuwa mpiga rangi wa meli. Maisha yake ya kazi yote yalikuwa bandarini, kwenye meli za mizigo za ziwani, na kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa kupigana na kutu. Meli ikipandishwa nchi kavu, yeye na wenzake wanaikwangua mpaka chuma king'ae, wanaigonga kwa nyundo ndogo wasikilize palipooza, wanapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ile ya machungwa wanayoiita minyumu, ndipo inakuja nyeupe ya juu. Mimi nilikuwa nikimpelekea chakula. Nilikuwa nikikaa juu ya gogo na bakuli mapajani nikimngoja apitishe mkono chini ya tumbo la meli, pale ambapo hakuna atakayeangalia tena, kisha aseme, "Imekwisha." Akishasema hivyo anaomba kitambaa cha kufutia mikono. Hakulisema neno hilo mpaka awe na hakika, na manahodha walilingoja kama mimi.

Nyumbani hakuwahi kulisema. Nyumbani alisema "bado". Nilimwonyesha daftari la darasa la tano, bado. Nilimaliza sekondari bila kupata alama za kuendelea chuo kikuu, bado. Kutoka Dar nilimtumia picha ya ghorofa la plastiki lenye madirisha mia na zaidi, na jibu lililokuja kwa sauti ya dada lilikuwa kwamba mzee ameona, lakini anauliza kama mwenye nyumba hiyo ameshaijenga. Hakuwa ameijenga.

Kwa hiyo niliporudi safari hii, na nikamkuta amekuwa mzee wa kukaa barazani, mikono inatetemeka, kifua kinapiga miluzi, nilijua ninachokitaka. Nilitaka kumaliza kitu kimoja mbele ya macho yake, hatua kwa hatua, na asikie mwenyewe kwamba hakuna kilichobaki. Naona aibu kidogo kuandika kwamba mtu wa umri wangu alikuwa anangoja neno moja. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilichagua chombo cha anga kwa sababu tangu utotoni, katika vibanda vya video vya Buyenzi, nilivipenda vyombo vile vichafu kuliko mashujaa waliovipanda. Changu sikukiiga popote. Kilikuwa cha kubeba mizigo, kirefu kama mkono wangu, chenye tumbo pana na pua butu, na watu wake, kama wangekuwepo, wangekuwa na urefu wa punje ya mchele. Mwili niliukata kwenye plastiki ya mabango ya matangazo. Mabomba yalikuwa kalamu zilizokwisha wino. Mlinzi wa nyumba moja ya mtaa wa Kinindo alinipa printa iliyokufa, nikaichambua kama kuku, na magurudumu yake madogo yote yakapata kazi mgongoni mwa chombo. Injini zilikuwa vifuniko vya marashi.

Baba alikuwa akipita na fimbo yake kwenda msalani, anasimama.

"Hii ni nini?"

"Chombo cha anga, Papa. Cha mizigo."

"Mizigo gani?"

"Sijui. Madini labda. Au chakula."

"Mutu anajenga boti, hajui itabeba nini." Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Plastiki."

"Ndiyo."

"Boo," akasema, kama anayesema haya basi, akaenda zake.

Alikuwa anakigonga kila alipopita. Sikulalamika. Nilipomaliza kubandika na kukipulizia kijivu cha kwanza, kijivu kisafi kisicho na alama, alisimama zaidi ya kawaida. Akainama, akapitisha mkono chini ya tumbo la chombo. Niliiona midomo yake ikijiandaa. Na mimi, kwa haraka yangu, kwa sababu sehemu niliyoipenda ilikuwa bado haijaanza, nikamtangulia.

"Bado, Papa."

Akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Akatikisa kichwa akikubali, kama anavyomkubalia fundi mwenzake, akaenda kukaa. Siku ile nilifurahi. Nilidhani tumeelewana.

Rangi za kuchafulia nilizifuata mtaa wa Asiatique, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja ambaye babu yake alitoka Omani, na yeye hajui kwingine zaidi ya Bujumbura. Wakati huo esansi, petroli ya magari, ilikuwa imekosekana tena mjini, na nilikwenda kwa miguu nikipita kando ya foleni ya magari yasiyokuwa na madereva ndani, kwa sababu madereva walikuwa wamelala kivulini. Nilimwomba kopo dogo la nyeusi, dogo la kahawia, na esansi kidogo ya kuyeyushia.

"Esansi?" Alivua miwani. "Mwanangu, umepita wapi kuja hapa? Hukuwaona wale? Mtu amelala pale na dumu lake apate ya kupeleka mgonjwa, wewe wataka ya kuoshea mwanasesere?"

"Si mwanasesere, mzee."

"Haya, ni nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, maana hakukuwa na mteja mwingine.

"Yaani kipya unakifanya cha zamani."

"Kionekane kimefanya kazi."

"Na baba yako anajua? Baba yako alikuwa anachukua kwangu dawa ya kutu kwa mapipa. Leo mwanawe anakuja kununua kutu yenyewe." Alinipa mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. "Wallahi, usimwambie nimekuuzia mimi."

Tulicheka wote wawili. Laiti ningemsikiliza vizuri zaidi.

Kukizeesha kitu ni kazi ya subira kuliko kukijenga. Nilikipaka kwanza rangi ya chuma kilichoungua. Juu yake nikapuliza spray ya nywele ya dada, ambaye husuka watu uani, na akaniambia kwamba kama roketi itahitaji na rasta pia nimwambie mapema. Juu ya spray nikarudisha kijivu. Kilipokauka, nikalowesha brashi ngumu na kusugua pembeni mwa milango na kwenye kingo, na kijivu kikabanduka vipande vipande, kikaacha chuma kile cha chini kikionekana, hasa kama bodi ya kamyoneti iliyobeba mchanga miaka mingi. Kisha nikashusha michirizi ya kahawia chini ya kila skrubu. Masizi ya injini nilitoa kwenye makaa ya jiko. Vumbi nilitoa barabarani kwetu. Na tumbo lote, pale ambapo chombo kinatua kwenye dunia zenye mvua, nikaliwekea kutu ya lango, unga wenyewe, kwa gundi nyepesi, mpaka ukipitisha kidole unahisi chembechembe.

Kilipokuwa tayari nilikaa mbele yake nikakitazama. Naweza kusema bila kujisifu kwamba ukikitazama ulikuwa unajua chombo kile kilikotoka. Ulikuwa unajua mlango upi unatumiwa na upi umekwama, upande upi nahodha hugonga akitia nanga, mahali ambapo kuna mtu alikanyaga rangi ikiwa mbichi na hakuna aliyejali. Safari zangu zote nilikuwa sijamsimulia mtu. Zilikuwa pale.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani. Nilikiweka kwenye meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu kesho yake wageni wa Idi wangepita. Baba alikuwa amelala. Nilimwambia dada asimwambie kitu, ajionee mwenyewe, nikaenda mtaa wa Kamenge kumwona shangazi aliyekuwa anatoka hospitali. Mabasi hayakuwepo, nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa najaribu kusikia vile atakavyolisema.

Nilipoingia uani jua lilikuwa bado halijashuka. Harufu niliitambua kabla ya kuona. Ni harufu ya bandarini.

Alikuwa amekaa barazani, chombo kiko mbele yake juu ya kigoda, kimekuwa cha rangi ya machungwa. Chote. Tumbo, pua, mabomba, milango. Alikuwa amekikwangua kwa msasa mpaka plastiki nyeupe, halafu amekipaka minyumu kutoka kwenye kopo la zamani la stoo. Vile vifaa vidogo vya mgongoni, magurudumu ya printa na antena za waya, alikuwa ameving'oa kwanza na kuvipanga kwenye kisosi kwa ukubwa wake, kama inavyofanywa kwenye meli kabla ya kupaka rangi, ili virudishwe baadaye.

"Papa. Umefanya nini?"

"Nimeikwangua. Chini kulikuwa kumeoza."

"Ile ilikuwa rangi. Nilipaka mimi."

"Najua."

"Plastiki haipati kutu."

"Hiyo vilevile najua. Si niligonga? Si mi ndiye nilisema plastiki?"

"Sasa ulikuwa unakwangua nini?"

"Ile ulipaka."

Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Baba alikuwa anajipangusa kidole kimoja kimoja, na mikono ilikuwa inatetemeka hata kitambaa kikamponyoka, akakiokota mwenyewe kabla sijainama.

"Mi nimekula vumbi ya kutu mpaka kifua kimekufa," alisema, bila kupandisha sauti. "Haikunishinda hata siku moja. Leo mutoto wangu anaitoa mulangoni kwangu, anaisaga, anaipaka kitu kipya, anaweka mu salon watu wa Idi waone. Unataka waseme nini?"

"Uliniona kwenye lango?"

"Mi siko kipofu."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniuliza."

"Mutu ana gate inaanguka," dada akasema kwa hewa, si kwa yeyote kati yetu, "anakamata minyumu, anapaka plastiki." Akarudi kwenye pilau yake.

Nilikuwa nimekasirika sana, lakini niliona kitu ambacho mpaka leo kinaniudhi zaidi ya uharibifu wenyewe. Kazi ilikuwa safi. Kwa mikono ile, hapakuwa na tone lililochuruzika. Alikuwa ametumia mchana mzima wa kufunga, bila maji, mtu wa kifua kile.

Asubuhi ya Idi chombo kilirudi mezani juu ya kitambaa cheupe. Wageni waliingia, wakasalimu, wakakaa, na kila mmoja akauliza.

"Mzee, hii ni roketi?"

"Ni boti ya kule juu. Ililetwa hapa imeoza. Nimeiokoa."

"Na inakuwa ya rangi hii?"

"Bado. Inabaki rangi ya juu."

Mimi nilikuwa napitisha chai na visheti. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi bandarini alivaa miwani, akakiinua chombo hadi dirishani, akakitazama kwa mshazari dhidi ya mwanga, kama wanavyofanya wao.

"Minyumu imekaa," akasema. "Mukono wa mzee ungali mzima, mashallah." Kisha akanipa kikombe chake kitupu. "Nawe kijana, uko wapi siku hizi? Unafanya nini?"

"Nimerudi tu."

"Aa. Vizuri. Umusaidie baba."

Hakuna aliyeuliza nani alikijenga. Na baba, ambaye alijua kila kipande kilivyokatwa kwa sababu alikuwa anakigonga kila siku, hakusema. Nilingoja. Chumba kilijaa na kikapungua mara nyingi siku ile, na kila mara nilingoja aseme, kijana wangu ndiye aliyeiunda. Alikuwa na nafasi nyingi sana.

Wageni walipokwisha alinishika mkono wa shati.

"Kesho unapiga nyeupe."

"Piga wewe."

"Nyeupe haitaki mukono wa kutetemeka. Minyumu inavumilia. Nyeupe inaonyesha."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kukichukua kile cha machungwa nikakitia jalalani, au nikaondoka nacho kikiwa vilevile. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo, na jibu ni dogo kuliko ninavyopenda. Nilikuwa bado nalitaka neno.

Nikapaka nyeupe. Yeye alikaa nyuma yangu, kutoka pale haoni vizuri lakini anasikia brashi, na mara mbili tatu aliniambia, "Usirudi nyuma, acha ishuke yenyewe." Nilipaka bila mchirizi, bila alama, nikarudisha vile vifaa kutoka kwenye kisosi, navyo vikawa vyeupe. Ilikuwa meli ya ziwani isiyokuwa na ziwa. Mtu angeweza kuitundika kwenye ofisi ya makampuni yale ya Dar.

Kilipokauka akaomba apewe. Alikiweka mapajani, akapitisha mkono chini ya tumbo, polepole, kutoka pua hadi injini, kichwa kimeinama upande kama zamani.

"Imekwisha," akasema.

Halafu akamwita dada amletee kitambaa, akafuta mikono yake, ambayo siku ile haikuwa imegusa rangi.

Nilikuwa nimekaa karibu naye kama nilivyokuwa nikikaa na bakuli. Nililisikia vizuri. Lilitoka kwa sauti ileile, na lilikuwa la chombo kile cheupe, ambacho mimi sikukifahamu. Changu kilikuwa kimebaki kwenye unga wa msasa, na dada alikuwa ameshaufagia.

Wiki iliyofuata nikapata lifti ya kamyoneti hadi mpakani, nirudi Kigoma. Baba hakuuliza nitarudi lini. Alisema nisilale njiani. Chombo kilikuwa juu ya kabati la vyombo, na alikuwa ameagiza kisiguswe na watoto wa jirani. Dada alinisindikiza hadi langoni na begi langu.

Stoo kulikuwa na nusu kopo la minyumu. Nilijua, nililiona nilipokwenda kuchukua nyeupe. Brashi yake ilikuwa imelowekwa kwenye mafuta ya taa yangu, haijakauka hata kidogo. Kwa siku hizo zote tulizokaa wawili barazani tukipaka plastiki, lango lilikuwa mbele ya macho yetu. Yeye hakuniomba. Mimi sikusema.

"Nyinyi wawili ni mafundi wa rangi," dada akasema. "Mulijifunza wapi?"

"Muulize baba."

"Ukirudi utakuta hili lango halipo."

Bawaba ya chini ilikuwa imeshakatika, kwa hiyo ilibidi niliinue kwa mikono miwili ili lifunguke, kisha nikalirudisha nyuma yangu. Viganja vilikuwa vyekundu kwa kutu. Nilivifuta kwenye suruali nikitembea, kwa sababu dereva alikuwa ameshapiga honi.